Alama ya Tano

Mwizi alikuwa mmoja, na alikuwa amekwisha kufa. Nyumba ilikuwa bado inaunguzwa.

Hayo ndiyo niliyoyakuta katika mtaa wa Kiwiko, na ndiyo yaliyonifanya nikae katika nchi ile muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Jinsi nilivyofika si habari ya kusimulia. Mimi ni mwashi. Niliacha shule mapema nikashika mwiko, na tangu hapo kazi yangu ni kuta na sakafu. Kwa hiyo nitasema kama mwashi: kilichonyooka nitasema kimenyooka, kilichopinda nitasema kimepinda.

Nchi yenyewe haina barabara. Ina mifereji. Mfereji Mkuu ni mpana, maji yake ni mekundu na ya vuguvugu, na hayatulii hata kidogo, kwa sababu katikati ya nchi kuna ngoma moja inayolia bila kupumzika, na kila ikilia maji husukumwa mbele. Niliuliza mpigaji ni nani. Nikaambiwa hakuna mpigaji. Niliuliza ikinyamaza itakuwaje. Watu wakaniangalia kama mtu aliyecheka msibani, nikanyamaza mimi.

Kutoka Mfereji Mkuu maji hugawanyika yakaingia mitaani, Kiwiko, Goti, Ufizi, kila mfereji mwembamba kuliko uliouzaa, mpaka ile ya mwisho ambamo askari hupita mmoja mmoja, tena kwa kujibana.

Askari huzaliwa katika Milima ya Chokaa. Kwa nje milima hiyo ni myeupe na migumu, ukiigonga inalia kama kigae. Ndani ni laini, myekundu, na yenye joto la mkate. Nilisimama mlangoni alfajiri nikawaona wakitoka. Nimewaona kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua mpaka taa ikazimika kwa mabawa yao. Si kitu. Hawa walitoka mpaka nikahisi mlima wenyewe unamwagika, na nilipogeuka nyuma mlima ulikuwa palepale, haujapungua. Askari hao hawana macho. Hawana masikio. Hawana mkuu wa kuwaamuru. Huishi siku moja, aliyejaliwa sana mbili. Kinachowaongoza ni harufu tu.

Desturi ya nchi ni hii. Kila nyumba ina chetezo mlangoni na bonge la ubani mwekundu. Mwizi akivunja, mwenye nyumba anautia ubani motoni. Moshi unaingia mferejini, askari wanaunusa, wanaufuata mahali unapozidi ukali, wanafika. Na kila askari anayefika ana kipande chake cha ubani kifuani, naye anakichoma hapohapo ili kuwaita wenzake. Wawili wanaita wanne, wanne wanaita umati.

Wanamjuaje mwizi bila macho? Kila raia hupakwa mafuta ya nyumba yake kwenye paji la uso. Asiyenukia nyumba yoyote, huyo ndiye. Mimi nilipakwa na mwenyeji wangu, Bi Hadia, mke wa Mzee Shomvi msagaji, naye alinipaka kwa ukali kama anayemwosha mtoto mkorofi.

"Usiyafute hata jasho likikutoka," aliniambia. "Ukiyafuta sitakuwa na la kukufanyia."

Baadaye askari mmoja alinisimamisha. Alinibonyeza paji kwa mkono baridi usio na vidole, akakaa kidogo, akaniacha. Nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya pili jukwaa lilipokatika. Ule mkono nauogopa zaidi.

Sasa nyumba. Mzee Shomvi alikuwa na kinu cha mawe, na kinu chake kilisaga unga wa Kiwiko chote, hata unga wa meza ya Baraza kuu ulitoka kwake. Mawe mawili makubwa, la juu na la chini, na kati yao sakafu nyeupe inayong'aa, laini kama yai lililomenywa. Haikuwa na kiungo. Haikuwa na ufa. Jiwe la juu, ambalo wanaume sita wasingeliinua, mzee alizoea kulizungusha kwa mkono mmoja huku akizungumza. Nilipiga magoti nikaipapasa sakafu ile pembeni, sehemu iliyokuwa bado nzima.

"Nani aliimwaga?" nikamwuliza.

"Haikumwagwa. Nilizaliwa nikaikuta. Babu yangu alizaliwa akaikuta."

"Na ikiharibika?"

Mzee Shomvi alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye unga kwenye nyusi. "Fundi," akasema, "hilo ndilo swali ambalo katika nyumba hii haliulizwi."

Lakini lilikuwa limekwisha kujibiwa. Ndani ya kinu askari walijaa ukuta kwa ukuta. Kila mmoja alikuwa na mifuko midogo ya tindikali, naye aliipasua chini, juu, popote. Wengine walikuwa wanafanya jambo ambalo sikuliamini mpaka nililiona: askari akiishiwa, hujipasua mwenyewe tumbo, akautupa utumbo wake uenee kama wavu, ili mwizi anase humo hata baada ya yeye kufa. Niliona nyavu hizo zimetanda kila kona, zinang'aa, na chini yake sakafu nyeupe inachemka kama chokaa iliyomwagiwa maji. Nyumba ilikuwa nyekundu, imevimba, inatoa joto la tanuri. Mzee alikuwa amelala nje kwenye mkeka, kila wanapopasua mfuko anakunja uso.

"Mwizi yuko wapi?" nikauliza.

"Yule pale." Bi Hadia alinionyesha kitu cheusi karibu na kizingiti, kimekauka, kidogo kama punje ya kunde. "Aliuawa kabla sijamaliza kujifunga kanga."

"Na hawa wote?"

"Wamekuja kumwua."

"Sasa si waambiwe amekufa."

"Waambie wewe, mgeni mwenye mdomo. Mimi nimeshachoka kuzungumza na watu wasio na masikio."

Nikasema nitawazuia. Mimi ni mwashi, bwana. Maji yakiingia nyumbani unaziba. Nilikwenda ukingoni mwa mfereji kutafuta tundu wanalopitia. Nilitafuta asubuhi nzima. Hapakuwa na tundu. Mawe ya ukingo yalikuwa yamekaa vizuri kuliko yangu.

Hapo ndipo nilipomkuta Bi Mwanamvua. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, sauti kavu, amekaa kwenye kigoda juu ya ukingo, na mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka kwenye vifundo. Mbele yake palikuwa na chungu cha rangi ya kijani, na mkononi brashi iliyofungwa kwenye tete refu. Kila askari aliyepita mferejini, yeye alimgusa kisigino kwa ile brashi, kisha akamfuata kwa macho. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Chuo kilimpa cheo cha Mtazamaji wa Nyendo, na wasomi wenzake walimwita Bibi Visigino.

"Unatafuta mlango," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Natafuta tundu nilizibe."

"Jenga tu ukuta mwingine nyuma ya huo. Mimi nitakuangalia. Siku zote nimetaka kuona mtu akijenga hapo."

Nikajenga. Mawe ya kuchonga, chokaa nzito, nikaupiga timazi. Ukuta ulinyooka, hilo sijisifu, timazi ndiyo iliyosema. Nikakaa kando yake kusubiri.

Akaja askari. Alikuwa akibingirika na maji kwa kasi ya pipa lililoachiwa mlimani. Alipofika usawa wa nyumba, mawe ya ukingo, yakiwa yamenusa moshi, yalichomoza vidole vidogo. Vidole vikamshika, vikamwachia, vikamshika tena. Akapunguza mwendo. Akasimama kabisa, katikati ya mkondo ule, akajilaza bapa kwenye jiwe kama chapati kwenye kikaango. Kisha akapapasa kiungo kati ya jiwe na jiwe, mahali ambapo mimi nisingeweza kupenyeza wembe, akaingiza ncha ya mguu. Mguu ukaingia wote. Mwili ukafuata kama uji. Kichwa nilidhani kitakwama. Lakini kichwa chake hakikuwa duara kama changu. Kilikuwa mafundo matatu manne yaliyoungana kama shanga uzini, na kilipita fundo kwa fundo. Akaupita ukingo, akaupita na ukuta wangu vilevile, akasimama upande wa pili mzima, akanyoosha kifua, akawasha ubani wake.

Nikapitisha kiganja kwenye mawe. Pakavu. Hapakuvuja hata tone. Nimejenga matangi yanayovuja kabla hayajatiwa maji.

"Umeona?" akauliza Bi Mwanamvua.

"Nimeona." Nilivua kofia, sijui kwa nini.

"Mimi nimetazama miaka mingi na bado mate hunikauka," akasema. "Lakini si hilo nililokaa hapa kulitazama. Kaa. Tazama visigino."

Nikakaa. Walipita, walipita, wote wakielekea kwenye moshi. Halafu, mahali pale pale kwenye kiungo kilichokuwa kimefungwa, ukatokea mguu. Ulikuwa unatoka. Kisigino chake kilikuwa cha kijani. Askari akajipenyeza nje fundo kwa fundo, akaingia mferejini, akajiachia na maji, akaenda zake.

"Karudi," nikasema.

"Karudi. Usiseme kwa sauti."

"Kwa nini?"

"Kwa sheria, aliyeingia hatoki. Ni marufuku, kwa hiyo haijawahi kutokea. Hakuna aliyepata kutazama jambo ambalo halitokei." Akachovya brashi. "Wengi hufia ndani. Lakini wengine hufika, hukuta kazi imekwisha, hugeuka. Wangegeuka wengi zaidi kama kungekuwa na kitu cha kuwaambia basi."

"Hakipo?"

"Kipo. Kimefungiwa stoo."

Akanieleza. Baada ya askari huja wafagiaji, wanawake wakubwa wenye aproni, taratibu, hawana haraka. Kazi yao ni kuwameza askari waliokufa, mmoja mmoja, na kila uchafu ulioachwa. Zamani mfagiaji akishashiba wafu alichoma ubani wa pili. Ule ulinuka kama vumbi likipata mvua ya kwanza. Askari wakiunusa waliacha, wapya hawakuja, nyumba ikapoa. Kisha siku moja mwizi alijifunza kuuchoma. Akaingia mtaa wa Kisigino, akauwasha, askari wakageuka wote wakaenda zao, na mtaa ule ukaliwa mpaka ukawa mweusi, ukakatwa usilete balaa kwa mingine. Baraza likatunga Sheria ya Kisigino: ubani wa pili ukusanywe na ufungiwe, na askari akiingia asitoke.

Sheria ile haikuwa ya kijinga siku ilipotungwa. Sheria nyingi haziwi.

Wakati tunazungumza, karani wa ulinzi alitokea nyuma yetu na watu wawili. Alikuwa amekiona kisigino cha kijani kikishuka na maji. Alikuwa amemkamata yule askari kwenye kona ya chini, akamwita Bi Mwanamvua kwa cheo chake chote, akamwambia afike barazani kueleza kwa nini anawapaka rangi watoro.

Bi Hadia aliposikia, alifunga kilemba. "Na mimi nakwenda. Fundi, beba ule mfuko wa unga."

"Unga wa nini?"

"Wa wiki hii. Beba."

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na joto, na wajumbe wanapenda hivyo. Ukutani zilining'inia bendera nne, na kikao hufunguliwa kwa wote kusimama na kuzitaja: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Mwenyekiti husema, "Penye hayo manne?" Nao hujibu, "Pana ulinzi." Mtaa wowote ukiomba msaada, mjumbe hutumwa kutafuta alama hizo nne. Akizikuta zote, anaandika kwamba mtaa unalindwa vizuri. Kwa kipimo hicho Kiwiko kilikuwa mtaa unaolindwa kuliko yote nchini, na kilikuwa kimepongezwa.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Kirobo, Mkuu wa Moshi. Nilikwenda nikiwa nimeshamchukia. Lakini hakuwa mpumbavu. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya chini, na mguu mmoja alikuwa anauburuta. Alizaliwa Kisigino. Aliondoka huko mtoto, mgongoni mwa shangazi, mama yake akabaki.

Askari aliletwa. Kwa kuwa hana masikio, alihojiwa kwa mkalimani, aliyekuwa na kijisanduku cha manukato na vyetezo vidogo kama vifuniko vya chupa. Alichoma punje hii na ile, akanusa kifua cha askari, akatafsiri.

"Mwulize kwa nini alitoka," akasema Bwana Kirobo.

Mkalimani akachoma, akanusa. "Anasema alifika akakuta imekwisha."

"Nani alimwamuru atoke?"

Hapa mkalimani alichoma kwa muda mrefu, akabadilisha punje mara kadhaa, jasho likamtoka. "Mkuu, hilo neno hana."

"Ana jeraha?"

"Hana."

"Basi hakupigana."

"Mkuu," akasema Bi Mwanamvua, "alitakiwa apigane na nani?"

"Si kazi ya askari kuuliza hilo."

"Hakuuliza yeye. Nimeuliza mimi."

Mjumbe mmoja kijana wa Ufizi akasimama. Alisema anakihurumia Kiwiko, na kwamba dawa ipo: Maji ya Usingizi yamwagwe katika Mfereji Mkuu, askari wote wa nchi walale, Kiwiko kitapoa kabla ya chakula cha jioni.

"Wakilala wa Kiwiko, watalala na wa kwenu," akasema Bi Mwanamvua. "Mara ya mwisho meno mangapi yaliondoka Ufizi?"

Kijana akakaa. Watu wa nyuma wakacheka, na mmoja akamwambia, "Tabasamu, tuone."

"Basi yako mawili tu," akasema Bwana Kirobo. "Ama moto ama usingizi. La tatu lilimwua mama yangu. Wewe, binti, unaniomba nilifungulie stoo?"

"Naomba wafagiaji wapewe chao, kwenye nyumba moja, baada ya mwizi kuonekana maiti. Mwizi wa Kisigino aliuchoma kabla ya wafagiaji kufika. Tofauti ni hiyo. Anayepaswa kusema basi ni yule aliyewabeba wafu. Wengine wote wanaweza kudanganya."

Nilisikia ngoma ikilia chini ya sakafu, na kila iliponguruma nilijua wengine wameingia kinuni kwa Mzee Shomvi.

"Alama ni nne," akasema karani, "na Kiwiko kinazo nne. Malalamiko hayana msingi."

"Iko ya tano," akasema Bi Mwanamvua.

"Bendera ni nne."

"Iko ya tano. Kitu kushindwa kufanya kazi yake. Mtaa unaweza kuwa mwekundu, wa moto, umevimba, unauma, na usiwe mtaa tena."

Wakaanza kubishana. Mmoja alisema alama mpya lazima ipitie kamati. Mwingine alisema kushona bendera ya tano kutaharibu mpangilio wa ukuta. Wa tatu, kwa dhati kabisa, aliuliza itakuwa ya rangi gani, kwa kuwa kutofanya kazi hakuna rangi. Hilo lilijadiliwa. Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko begani, bega likauma, nikaanza kufikiria kuuangusha.

Bi Hadia hakuomba ruhusa. Alikwenda jikoni kwa Baraza, kule nyuma, na tukasikia sufuria. Alirudi na sinia la ugali unaofuka mvuke, akaliweka mbele ya Bwana Kirobo, akammwagia maji mikononi kama mke wa mwenyeji yeyote.

"Karibu, kaka yangu. Unga wa kinu chetu uleule. Umeula tangu ukiwa na meno ya utoto."

Mtu wa nchi ile hakatai tonge lililowekwa mbele yake. Bwana Kirobo alimega, akafinyanga, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Ilisikika ukumbini kote, sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga kokoto.

Akatema mkononi. Katikati ya ugali palikuwa na vipande vyeupe vinavyong'aa.

"Ni nini hiki?"

"Sakafu," akasema Bi Hadia. "Mume wangu hujikokota kati ya askari kila alfajiri akasaga, ili meza yako isikose. Mnakula sakafu tangu wiki iliyopita. Hamkusikia kwa sababu mlikuwa mnataja bendera."

Bwana Kirobo aligeuzageuza vile vipande kwa kidole. Nilimtazama usoni, na hasira yangu ikaniponyoka. Alikuwa mtu anayeombwa kuufungua mlango ambao mama yake alifia nyuma yake. Akavipanga vile vipande mezani, kimoja kimoja.

"Ubani utatolewa," akasema mwishoni. "Nyumba moja. Wafagiaji wenyewe, na maiti ya mwizi iletwe hapa niishike." Bi Mwanamvua akainamisha kichwa kushukuru. "Sijamaliza, binti. Rangi utatuachia."

"Rangi?"

"Wananchi wakiona askari wanarudi, kesho nani atalala usingizi? Ubani umepata. Kutazama, basi. Chungu na brashi vibaki hapa. Na huyu," akamwonyesha askari, "abaki rumande mpaka kamati iamue kama alitoka."

Mimi ningebisha. Ningesema, bwana, bila hicho chungu ungejuaje hata hiki ulichokubali leo? Bi Mwanamvua alikitazama chungu, akamtazama Bi Hadia, ngoma ikalia chini ya miguu yetu. Akakisukuma chungu mezani kwa mikono yake ya kijani.

"Upesi basi," akasema.

Nimeona mambo makubwa machache maishani. Niliona kuba likifungwa jiwe la mwisho na jukwaa likaondolewa chini yake, likasimama. Lile la Kiwiko lilizidi.

Wafagiaji waliingia polepole. Walikuwa wamekwishameza wafu mpaka aproni zimewabana. Mkubwa wao aliweka vitu vyake chini, akapuliza kaa, akadondosha ubani wa pili, na harufu ya mvua ya kwanza ikapanda. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha askari mmoja karibu na mlango, mfuko ukiwa umeinuliwa tayari, aliushusha. Wa jirani yake akaushusha. Ilienda hivyo kutoka mtu hadi mtu, bila sauti, kama upepo unavyolaza nyasi. Ubani mwekundu ukazimwa vifuani. Nje, mawe ya ukingo yalivirudisha vidole vyake ndani, na askari wapya wakabingirika wakapita bila kusimama, kana kwamba nyumba ile haipo. Waliokuwa wamekwisha walilala chini kwa utulivu, wakajikunja wadogo, na wafagiaji wakawachukua kama mtu anavyookota nguo za watoto. Na wengine, wengi kuliko nilivyotazamia, wakageuka. Walikwenda kwenye ukuta wangu, wakapapasa viungo, wakaupita kwenda nje, fundo kwa fundo. Visigino vyao havikuwa na rangi. Hakuna aliyeandika walikuwa wangapi. Bi Mwanamvua alisimama kando yangu, mikono mitupu, midomo inamcheza, anahesabu kichwani.

Wekundu ulififia. Uvimbe ukashuka. Kuta zilipoa mpaka Bi Hadia akaweka shavu lake hapo. Mwizi hakuja mwingine.

Mzee Shomvi aliinuka kwenye mkeka. Aliingia ndani, akaweka mkono mmoja kwenye jiwe la juu kama kawaida yake, akasukuma. Jiwe lilikwenda robo ya mzunguko, likakwaruza, likakwama.

"Fundi," akaniita.

Nilikaa nikajaribu. Nilichanganya chokaa safi kabisa, nikaipiga msasa, nikaisugua kwa mafuta mpaka nikajiona ndani yake. Jiwe lilipita mara moja tu, chokaa ikawa unga. Nikajaribu tena kwa vigae vya mlimani, vikalia na kupasuka. Mzee alinitazama kwa upole, akasema ni nzuri, ila si yake. Nilikusanya vifaa vyangu.

Hasara ilikuwa hivi. Mwizi, mmoja. Askari, hawajulikani, wafagiaji ndio wanaojua, nao hawaulizwi. Chungu kimoja cha rangi ya kijani, kilichomwagwa nyuma ya ukumbi, na mwanamke mmoja anayekwenda bado kukaa kwenye kigoda kile ukingoni, akitazama visigino visivyo na alama. Askari mmoja, aliyekufa rumande kwa uzee kabla jua halijazama; ukuta wa selo angeweza kuupita, hakuupita, kwa sababu hakuna harufu iliyomwita popote. Sakafu, robo tatu. Robo iliyobaki inasaga unga wa watu wawili, Mzee Shomvi na mkewe. Wengine wote wa Kiwiko wananunua unga mitaa ya mbali, na bendera ukutani bado ni nne.